Hatua Tatu Juu ya Nyumba

Watu waliendelea kumwita Fundi, ingawa cherehani yake ilikuwa imefunikwa shuka kwa mwaka wa tisa sasa. Alishona sare za shule na magauni ya harusi kwa miaka ishirini na saba, mpaka macho yakaanza kumgomea, ndipo akafunga duka na kurudi kwenye kiwanja cha wazazi wake: nusu eka ya mteremko, ardhi iliyochoka kiasi kwamba hata magugu yaliota kwa kusitasita. Wakati huo mama yake alikuwa hai bado. Fundi alimwogesha, akamlisha, na katikati ya kumwogesha na kumlisha akalima.

Hakufundishwa na mtu. Alianza kutandaza majani makavu juu ya udongo kwa sababu aliona kwamba pale chini ya mti, mahali pasipofagiliwa, ndipo palipobaki na unyevu siku nyingi baada ya mvua. Maji ya kuogea na ya kuoshea vyombo aliyaelekeza kwenye migomba. Kuku aliwafungia ndani ya uzio wa wavu na kuuhamisha uzio huo kila wiki, wakachokora na kutia samadi kipande baada ya kipande. Alikosea mara nyingi tu. Akikosea alifumua, kama alivyokuwa akifumua mshono wa suruali uliopinda, akaanza upya. Mwaka wa tano, walipomzika mama, waombolezaji walikaa kwenye kivuli cha mipapai ambayo miaka mitatu kabla yake haikuwapo, na wengi wao waliondoka na malenge kwapani.

Mdogo wake wa kiume alikuja kwenye mazishi hayo na hakuondoka. Alikuwa ameuza bima, ameuza simu, ameongoza watalii, kote huko asikae. Akajenga chumba kwenye kona ya chini ya kiwanja, kisha akaenda kusoma kozi ya wiki sita, akarudi na cheti chenye fremu. Siku aliyorudi alilizunguka shamba lote mikono nyuma, na kila alichokiona alikuwa na jina lake.

"Dada, unajua hiki ulichokifanya hapa kinaitwaje?"

"Kinaitwa kulima," Fundi alisema.

Mdogo wake alicheka sana. Kisha akamweleza kwamba kinaitwa kilimo cha kudumu, kwamba kina kanuni zake na michoro yake, na kwamba kuna watu wengi wenye viwanja vidogo wanaotamani kujifunza hasa kitu hiki, ila hawana pa kukiona kwa macho. Alikuwa na ulimi mtamu, hilo Fundi hakuwahi kulikataa. Miezi miwili haikupita, kila Jumamosi asubuhi watu wakawa wanaingia pale uani: walimu, wauguzi, wastaafu waliojenga pembezoni mwa mji. Walikaa kwenye mabenchi ya mbao, wakaandika maswali kwenye vikaratasi, wakavitumbukiza kwenye kopo la rangi. Yeye alisimama mbele yao na kofia yake ya ukili, akichomoa kimoja kimoja na kujibu. Wao ndio waliombatiza jina la Profesa.

Majibu aliyachukua kwa dada yake. Kila Ijumaa alikuja jikoni na daftari.

"Dada, hivi mchwa wakivamia matandazo, mtu afanye nini?"

"Awasogezee chakula kingine. Mabua makavu, mbali na miche. Wataenda huko."

"Na mboji ikinuka?"

"Imelowa mno. Achanganye majani makavu, aipindue."

Aliandika, akanywa chai, akaenda zake. Fundi hakuona ubaya mwanzoni. Mdogo wake amepata shughuli, basi, mshukuru Mungu. Kilichoanza kumchoma ni vile vichekesho. Profesa alijua kwamba watu hujifunza vizuri wakicheka, na makosa ya Fundi yalikuwa mengi na ya kuchekesha. "Kuna mama mmoja," angeanza, "alimwaga samadi mbichi ya kuku kwenye nyanya. Mbichi! Asubuhi akakuta nyanya zimeungua kama zimepitiwa na pasi!" Mabenchi yakaangua kicheko, na huyo mama mmoja alikuwa amesimama nyuma yao na birika la chai mkononi. Tangu hapo, makosa yake mengine Fundi akaacha kuyasimulia.

Ndipo kikaja kitabu. Kilikuwa kijitabu cha kurasa themanini, chenye maswali mia moja na majibu mia moja kuhusu bustani ya nyumbani, na jina la Profesa juu yake kwa herufi nyekundu. Alimletea dada yake nakala ya kwanza akiwa na furaha ya kweli, kama mtoto aliyeleta ripoti ya shule. Fundi alivaa miwani akakaa nacho mlangoni jioni nzima. Alisoma maneno yake mwenyewe ukurasa baada ya ukurasa, mengine yakiwa hayajaguswa hata kidogo. Alilitafuta jina lake. Kwenye shukrani alishukuriwa mke wa Profesa aliyekwishaachana naye, akashukuriwa mchapishaji, wakashukuriwa "wakulima wote wadogo." Kwenye jalada la nyuma kulikuwa na picha ya mikono yake, imeshika udongo. Juu ya viwiko picha ilikuwa imekatwa.

"Umekionaje?" Profesa alimuuliza kesho yake.

"Kizuri."

"Kizuri tu?"

"Herufi zake kubwa. Hata mimi nimesoma."

Profesa hakuelewa, au alijitia hamnazo. Fundi alikuwa mtu wa kumeza, na alichomeza siku hiyo hakikushuka.

Jumamosi iliyofuata watu walikuwa wengi kuliko siku zote, kila mmoja na kijitabu chake. Miongoni mwao alikuwapo mzee mmoja, karani mstaafu wa posta, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alikuja na mkewe, mwanamke mnene mcheshi aliyebeba mwavuli. Walikuwa wamemaliza nyumba yao mwaka mmoja tu uliopita, nyumba ya kustaafia. Karani hakuandika swali lake kwenye kikaratasi. Alisimama, akakohoa, akalieleza kwa mpangilio kama mtu anayejaza fomu.

"Nyumba yetu iko kwenye mteremko. Udongo ni mfinyanzi, mzito, ukilowa unanata kama gundi. Mvua ikinyesha maji yote ya juu yanakuja uani kwangu. Nimesoma hapa kuhusu mtaro wa kukinga maji. Swali langu, niuchimbe wapi, na umbali gani kutoka kwenye nyumba?"

"Swali zuri sana!" Profesa alisema. "Mzee, hayo maji ni mali, usiyakimbize. Chimba mtaro juu ya nyumba, uukatize mteremko, usipande wala usishuke, kina cha goti. Maji yaingie, yatulie, yazame taratibu. Udongo wa chini yake utakaa na unyevu mpaka kiangazi."

"Umbali?"

Profesa alisita kidogo sana. Mtu mwingine asingeona. "Kiwanja chako kikoje, kikubwa?"

"Kidogo. Nyuma ya nyumba nina kama hatua kumi tu mpaka kwa jirani."

"Basi hatua tatu zinatosha. Hatua tatu juu ya nyumba, uache nafasi ya kupanda miti."

Fundi alikuwa kwenye kizingiti cha jiko na trei ya vikombe. Mwaka wake wa pili pale, alikuwa amechimba mtaro kama huo huo, juu ya stoo ya mama yake, kwenye udongo kama huo huo. Maji yalitulia, tena yalitulia vizuri. Yalizama, yakatembea chini kwa chini, yakafika kwenye msingi, na ndani ya mwezi ukuta wa stoo ukapasuka kutoka sakafuni hadi darini. Aliufukia mtaro kwa siku moja, akaibomoa stoo mwenyewe kabla haijaanguka, akapanda malenge pale. Ndipo akajua kwamba juu ya nyumba maji hayafungwi. Yanachimbiwa njia yenye mteremko kidogo, yapite pembeni, yakafungwe huko chini, mbali na kuta. Hili hakumsimulia mdogo wake, kwa sababu lingekuwa kichekesho kizuri kuliko vyote.

Karani aliandika: hatua tatu. Alipiga mstari chini yake. Kisha, badala ya kukaa, akageuza shingo akaangaza nyuma ya mabenchi mpaka macho yake yakamfikia Fundi.

"Na wewe mama, unasemaje?"

Vichwa vyote viligeuka. Kwa miaka minne ya Jumamosi hakuna aliyewahi kumuuliza. Fundi aliona uso wa mdogo wake kule mbele ukiwa umekaza tabasamu, na ndani ya tabasamu lile aliona woga, na woga ule ukampa raha. Raha tamu, ya ghafla, aliyoikumbuka baadaye kwa aibu. Alifikiria dimbwi uani kwa karani. Alifikiria karani akirudi Jumamosi moja, mbele ya watu wote, suruali ina matope, kusema Profesa hajui kitu. Dimbwi tu. Hakufikiria zaidi ya hapo, na wakati mwingi baadaye alijiuliza kama hakufikiria au hakutaka kufikiria.

"Muulize Profesa," alisema. "Kitabu ni chake."

Watu walicheka kidogo, wakidhani ni utani wa ndugu. Karani alimtazama nukta moja zaidi, kisha akakaa.

Mvua zilianza baada ya wiki tatu. Zilinyesha siku sita mfululizo, na kila asubuhi Fundi alijiambia kwamba leo atakwenda. Hakuijua nyumba ya karani, lakini kuijua ilikuwa kazi ya kuuliza watu wawili tu. Siku ya nne alivaa hata viatu vya mpira, akafika getini, akasimama. Angesema nini? Kwamba alijua? Alirudi akawapa kuku pumba.

Habari aliletewa na muuguzi mmoja wa darasa la Jumamosi. Siku ya saba, mvua ikiwa imeshakatika na jua limetoka, karani alikaa kwenye ukingo wa kitanda afunge kamba za viatu. Ukuta wa nyuma ulimwangukia. Mkewe alikuwa jikoni, alisikia kishindo, akadhani ni lori limemwaga mawe. Walimtoa akiwa hai. Mguu wa kulia ulisagika mno, wakaukata juu ya goti.

Profesa alikuja jikoni siku hiyo hiyo, bila daftari. Rangi ilikuwa imemtoka.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Walichimba vibaya, Dada. Watu hawasikii. Mimi nilisema hatua kumi."

"Ulisema tatu."

"Nilisema kumi."

"Ulisema tatu, akaandika, akapiga mstari. Nilikuwa nimesimama pale na vikombe."

Profesa alikaa kwenye kigoda, akashika kichwa. Kwa muda Fundi aliona tena yule mtoto aliyekuwa akimbeba mgongoni, na mkono ukamwinuka kidogo, karibu umguse. Ndipo Profesa akasema, taratibu, bila kuinua uso:

"Wewe ulijua, sivyo?"

Fundi aligeukia jiko, akasukuma kuni.

"Nilikuona usoni. Ulijua haifai. Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza."

"Yeye alikuuliza! Mbele ya watu arobaini alikuuliza!" Aliinua macho sasa, na hayakuwa ya mtoto tena. Yalikuwa yanapiga hesabu. "Mimi sikujua, Dada. Mimi nilikosea. Wewe ulijua. Sasa tukianza kusemana, nani atakuwa mbaya zaidi?" Alisimama. "Basi sote tunyamaze. Walichimba vibaya. Inatokea."

Alitoka. Fundi alibaki amesimama katikati ya jiko, na kilichomuuma kuliko kitisho chenyewe ni kwamba kwa mara ya kwanza maishani mdogo wake alikuwa amelipata jibu sahihi bila kuazima kwake.

Alivumilia siku tisa. Karani aliporudishwa nyumbani, Fundi alibeba jembe na koleo, akauliza watu wawili, akafika. Mke wa karani alimpokea kwa machozi na shukrani, akamvuta kwa mkono mpaka ndani. "Dada yake Profesa! Jamani, umekuja kwa miguu?" Nyuma ya nyumba turubai la buluu lilikuwa limetundikwa mahali pa ukuta. Karani alikuwa amelazwa sebuleni, shati limepigwa pasi, shuka limemfunika kiunoni hadi chini, na chini palikuwa na umbo moja badala ya mawili.

"Profesa ametutumia salamu," mke alisema. "Anasema tulichimba karibu mno. Huyu bwana nimemwambia siku zote, hasikii vizuri sikio la kushoto."

Karani alinyoosha pindo la shuka. Kijitabu kilikuwa juu ya stuli kando yake.

Fundi alikataa kiti. Alisema yote akiwa amesimama, jembe mkononi, kwa sababu alijua akikaa hatayamaliza. Alisimulia stoo ya mama yake na ufa. Alisimulia kwamba mzee alisikia sawasawa, hatua tatu ndizo zilizotajwa. Alisimulia kwamba alijua, na kwamba alinyamaza ili mdogo wake aaibike. "Nilidhani litakuwa dimbwi," alisema, na aliposikia neno hilo likitoka mdomoni mwake akaona jinsi lilivyo dogo na chafu.

Mke wa karani alikuwa amekaa polepole kwenye mkono wa kiti. Ucheshi wote ulikuwa umemkauka usoni.

"Unajua kwa nini nilikuuliza wewe?" karani alisema mwishowe. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu wa dirishani anayemweleza mteja kwamba barua yake haijafika. "Nilitazama kucha. Za yule bwana zilikuwa safi. Zako zilikuwa na udongo. Nikamwambia mama hapa, swali langu nitampelekea yule."

"Ulimwambia," mkewe alisema. "Ni kweli, uliniambia."

Turubai lilipigwa na upepo, likalia.

"Hilo jembe ni la nini?" mke aliuliza.

"Kufukia mtaro."

"Haya, fukia."

Alifukia siku mbili. Mtaro ulikuwa umechimbwa vizuri sana, umenyooka, kina kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho, kazi ya mtu aliyefuata maelekezo neno kwa neno. Matope yalikuwa mazito, koleo lilinata, na mikono iliyozoea kazi ikatoka malengelenge. Hakuna aliyemletea maji, naye hakuomba. Siku ya pili alianza kuchimba njia nyingine, ya kupitisha maji pembeni mwa kiwanja, ndipo mke wa karani akatokea mlangoni.

"Umeshafukia?"

"Nimefukia. Sasa hii ni ya kuyatoa maji upande wa..."

"Nimekuuliza umeshafukia."

"Ndiyo, mama."

"Basi nenda. Usirudi hapa."

"Mvua ikija, bila hii njia..."

"Tutamtafuta mtu," mke wa karani alisema, akafunga mlango. Hakuubamiza. Aliufunga taratibu mpaka komeo likaingia, na Fundi akakusanya vyombo vyake na kuacha mfereji umefika nusu.

Profesa alipopata habari kwamba dada yake ameyasema, hakumfokea. Aliacha tu kumsalimu. Mwezi huo huo alihamishia darasa kwenye shamba la mfanyabiashara mmoja upande wa pili wa mji, mabenchi yakapakiwa kwenye gari, na kopo la rangi pia. Kijitabu kilichapishwa mara ya pili. Kwenye jibu la mtaro, ambalo mwanzo halikutaja umbali, sasa palikuwa na hatua thelathini kutoka kwenye nyumba, bila neno la maelezo. Kwa waliomuuliza kuhusu Fundi, alisema kwa huzuni kwamba tangu msiba wa mama hajakaa sawa, ana mambo yake, na wasimchukulie maanani.

Fundi aliendelea kulima. Hakukuwa na kingine cha kufanya. Jumamosi zilikuwa ndefu.

Kiangazi kilipoisha, walikuja mume na mke vijana. Walikuwa wamepotea njia, wakidhani darasa bado liko pale. Walikuwa na kijitabu, cha uchapaji wa kwanza, kile kisichotaja umbali, walichoazima kwa rafiki. Mke alikuwa mjamzito. Walimkuta akigeuza mboji kwa uma wa shamba, wakamsalimu kwa adabu, wakamuuliza kama anaweza kuwasaidia jambo moja dogo: wamejenga kwenye mteremko, na wanataka kukinga maji.

Aliangusha uma. Aliwaketisha kizingitini akawaeleza kila kitu, bila kuacha. Aliwachorea kwa kijiti: nyumba hii hapa, maji haya hapa, njia ipite huku. Aliwasimulia stoo, akawasimulia karani, ukuta na mguu, akawaambia kosa lilikuwa la nani na la nani. Alisikia sauti yake ikipanda lakini hakuweza kuishusha. Vijana walitikisa vichwa, ndiyo mama, tumeelewa mama. Mume alitazama saa. Mke aliweka mkono tumboni. Hawakuandika chochote.

Walishukuru, wakanyanyuka. Walikuwa bado hawajafika getini alipowasikia. Masikio yake hayakuwa na kasoro, macho tu.

"Ndiye yule dada," mume alisema. "Rafiki alituambia. Wivu huo unamla."

"Masikini," mke alisema. "Lakini ule mchoro..."

"Mchoro gani? Kitabu tunacho."

Fundi alitoka mbio, matope mpaka magotini, akaushika mlango wa geti. "Juu ya nyumba msifunge maji!" aliita. "Mnanisikia? Hicho mlichoshika kimekosewa! Msifunge!"

Walikuwa wameshavuka barabara. Mke aligeuka, akampungia mkono kwa upole, kama mtu anavyompungia mgonjwa dirishani, kisha mumewe akamshika kiwiko na wakaendelea.